TAHADHARI: Kuna tapeli anauza seti feki za filta za fluoresensi

Wadau wa hadubini, kuna muuzaji wa mtandaoni anatembeza seti za filta za FITC na DAPI (rangi za kupaka sampuli, ambazo hung'aa kwa fluoresensi zikimulikwa mwanga unaofaa), zikiwa zimeshafungwa ndani ya kyubu zake (viboksi vya kushikilia filta ndani ya hadubini), kwa maelezo kwamba zimetoka kwenye maabara iliyofungwa na "zimetumika kidogo tu". Zimetufikia, tumezifungua, na ni kanyaboya tupu.

Kwa nje huwezi kushuku. Kyubu ni halisi na zinaingia kwenye hadubini bila shida. Uchafu umo ndani. Seti ya kweli ina vitu vitatu: filta inayochagua mwanga wa kwenda kwenye sampuli, kioo cha daikroiki (kinachoakisi rangi fulani za mwanga na kupitisha nyingine) kilichowekwa kwa nyuzi 45, na filta inayopitisha mwanga unaotolewa na rangi peke yake. Kwa FITC, ya kwanza hupitisha bluu ya nanomita 470 hivi, na ya mwisho kijani cha kuanzia 500 na kitu. Za huyu bwana zina vipande vya vioo vya rangi vilivyokatwa kwa mkono, kingo zimemeguka, gundi imetapakaa, halafu juu yake imebandikwa lebo ya 525/50, yaani eti inapitisha nanomita 500 hadi 550. Mahali pa daikroiki pana kioo cha kawaida cha kugawa mwanga nusu kwa nusu.

Ukiweka slaidi isiyo na rangi yoyote, inang'aa kijani vilevile. Hebu fikiria mwanafunzi anayeandika kwamba kingamwili yake imeshika, kumbe anaangalia mwanga wa taa uliovuja. Na kwenye kamera hali ni mbaya zaidi, maana vioo vingi vya rangi hupitisha infraredi ambayo jicho halioni lakini kamera inaipokea.

Ya DAPI ndiyo iliyonikasirisha. Rangi hiyo huchochewa na urujuanimno wa karibu nanomita 360, na taa ya zebaki ina mwanga mkali sana kwenye 365. Filta ya mwisho isipozuia mwanga huo, mwanga wenyewe unaweza kupanda hadi kwenye lenzi ya macho. Kama umeshanunua kwake, usichungulie kwa jicho kabla hujaipima.

Kuzipima si kazi. Chomoa filta, ishike mbele ya taa ya kawaida ya mezani, kisha iinamishe taratibu. Filta za kisasa zimepakwa tabaka nyingi nyembamba, kwa hiyo rangi inayopita huhamia upande wa bluu kadiri unavyoinamisha, na uso wake hurudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Kioo cha rangi hakibadiliki hata ukigeuze vipi. Kisha pandanisha filta ya kwanza na ya mwisho, uangalie taa hiyohiyo (si jua, na si taa ya zebaki!). Panatakiwa pawe giza. Seti nzuri huzuia hadi OD 6 (OD ni kipimo cha jinsi filta inavyozuia mwanga), yaani huvuja sehemu moja kati ya milioni. Za kwetu tuliona umbo zima la balbu.

Tusimwonee mtu bure, lakini: filta za zamani zilizopakwa kwa teknolojia laini huingiwa na unyevu, zikaota ukungu pembeni. Huo ni uchakavu, na muuzaji mwaminifu anakuambia mapema.

Huyu ukimwomba mchoro wa upitishaji wa filta husika, anakutumia picha aliyoichukua kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukimwomba video ya filta ikiinamishwa, anasema kyubu imefungwa kiwandani na haifunguliki. Uongo, ni skrubu tu. Baadaye atakushawishi ulipe nje ya jukwaa ili "akupunguzie". Jina la akaunti anabadilisha, ila picha zake zote zina kitambaa kilekile cha kijivu chenye mkunjo upande wa kushoto.

Aliyekwisha kulipa kwa kadi afungue malalamiko benki mapema, kabla muda wa kupinga malipo haujapita. Piga picha kingo na gundi kabla hujarudisha chochote, na boksi usitupe.