Uzoefu wangu: miezi mitatu kwenye kikundi cha kemia, dakani Langoni

Mwezi wa tano nilirudi Amu (Lamu) na karatasi ya matokeo yenye alama 31 za kemia ya mwaka wa kwanza. Chuoni kwetu kupita ni 40. Masomo mengine yote nilikuwa nimepita, hata hesabu, ila kemia ikanibakishia sapu, yaani mtihani wa marudio, ya mwezi wa nane. Mama hakusema kitu. Aliitazama ile karatasi, akaikunja, akaniambia nikaoge nije nile. Nilijua ameumia.

Naandika kwa ajili ya yeyote aliye nyumbani na sapu kama yangu, awe Shela, Matondoni, Faza au hapa mjini, anayejiuliza kama kikundi cha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe kitamfaa au atafute pesa za tiushini. Mimi nimepitia kote kuwili.

Tiushini ndiyo niliyoanza nayo. Shilingi 500 kwa saa, mara nne. Mwalimu ni mtu mwema na kemia anaijua, lakini alikuwa akinisomea notisi zake nami nikinakili. Nilipomwuliza moli ni kitu gani hasa, alinirudishia yale yaliyoandikwa: kiasi cha maada chenye chembe 6.022 × 10²³. Hayo nilikuwa nayajua. Niliyajua hata kwenye mtihani nilioanguka, na niliyaandika vizuri kabisa kabla ya kukwama kwenye hesabu iliyofuata. Shilingi 2,000 zilipoisha, nikaacha.

Binamu yangu, ambaye anasomea ualimu, ndiye aliyenivuta. "Ndoo yeo baada ya Isha," akaniambia, yaani njoo leo. "Usilete kitu, leta daftari na kalkuleta."

Kikundi chenyewe hakina jina wala ofisi. Hukaa kwenye daka la nyumba ya mawe mtaa wa Langoni, kwenye yale mabaraza mawili yanayotazamana mlangoni. Nyumba ni ya bibi yake mmoja wetu, naye ametukubalia kwa sharti kwamba tusipige kelele na tukimaliza tufagie. Huwa tuko saba, siku nyingine kumi. Kila mtu hutoa shilingi 50 kwa kikao, zinaingia kwenye chai ya tangawizi, fotokopi na chaji ya taa. Jumatatu na Jumatano usiku ni wavulana. Jumamosi baada ya Alasiri tunaingia ndani, na wasichana wanakuja, bibi mwenyewe akiwa amekaa pembeni anashona kofia yake. Na niseme mapema kwamba mwalimu bora kuliko wote pale ni dada mmoja wa Jumamosi anayesomea uuguzi.

Utaratibu ni mmoja tu. Mtu anachukua mada moja, anaieleza bila kufungua daftari, na yeyote anaweza kumsimamisha kwenye neno lolote. Neno lisiloruhusiwa ni "ni hivyo tu". Ukilisema, unakaa chini, mwingine anajaribu.

Usiku wangu wa kwanza niliuliza swali lile lile la moli. Niliona haya, kwa sababu wawili kati yao bado hawajaanza hata chuo. Binamu yangu, ambaye baba yake anauza miti ya mikoko, hakunipa maana. Aliniuliza, "Korija ya boriti ni ngapi?"

Nikasema ishirini.

"Na korija ya fito?"

Ishirini vilevile.

"Haya, beba korija ya fito, kisha urudi ubebe korija ya boriti, uniambie kama mgongo umeona ni sawa."

Nilikaa kimya. Tangu utotoni nimeiona miti ile ikishushwa majahazini, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila aina inahesabiwa kwa korija. Idadi ni ile ile, uzito ni mbalimbali. Moli ni hivyo hivyo. Moli moja ya atomi za hidrojeni ina uzito wa gramu 1, ya kaboni gramu 12, ya chuma karibu gramu 56, na ndani ya kila mojawapo idadi ya atomi haipungui wala haizidi. Tofauti ni kwamba boriti unaweza kuzihesabu kwa kidole. Atomi huwezi, kwa hiyo unapima uzito, na uzito ndio unaokwambia umeshika korija ngapi. Mizani ndiyo inayotuhesabia. Hilo halikuwa limewahi kuniingia kichwani, na niliingojea sentensi hiyo kwa mihula miwili.

Nimefikiria sana kwa nini binamu aliweza na mwalimu hakuweza. Nadhani ni kwa sababu binamu mwenyewe alikwama pale pale mwaka mmoja uliopita, na bado anakumbuka mahali alipojikwaa. Aliyeelewa kemia miaka ishirini iliyopita amekwisha kusahau kulikuwa na jiwe gani njiani.

Kikao ambacho sitakisahau ni kile cha chokaa. Tulikuwa tumekwama kwenye hesabu za uzito katika mmenyuko, yaani ukianza na gramu kadhaa za kitu hiki utapata ngapi za kile. Mmoja wetu ana ami yake ambaye ni fundi wa kukarabati nyumba za kale, akamwomba aje na bonge la chokaa mbichi, ile iliyochomwa haijazimwa. Fundi alikuja nayo kwenye mkebe wa maziwa. Kabla ya kufanya lolote alitusogeza nyuma mpaka ukutani, akasema chokaa mbichi ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha, na kwamba atakayemimina maji ni yeye peke yake. Alimimina kidogo. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ikaanza kuguna, bonge likapasuka kama mkate, mvuke ukapanda, na mkebe ukawa haushikiki. Hapakuwa na moto wala kiberiti pale. Joto lile lote lilitoka kwenye mmenyuko wenyewe, chokaa ikiungana na maji: CaO + H₂O → Ca(OH)₂.

Binamu akamwuliza fundi, "Ami, jiwe likishachomwa huwa zito au jepesi?" Fundi akajibu bila kufikiri: jepesi, tena sana, ukiliokota mkono unaona. Ndipo tukaketi kuhesabu. Jiwe la matumbawe sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48, jumla 100. Likiungua linatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo ni 12 na 32, yaani 44. Kinachobaki ni 56. Kwa hiyo gramu 100 za jiwe safi zinarudi gramu 56, na zile 44 zimepanda hewani. Fundi alizitazama zile namba kwenye daftari kwa muda, akatikisa kichwa, akasema mkono wake uliyajua hayo siku nyingi.

Tulichokiona baadaye ni kizuri zaidi. Chokaa ilipotulia tuliteka maji ya juu, yaliyo safi kama ya kisima, tukayatia kwenye glasi, na kila mmoja akapuliza pumzi kwa mrija. Kupuliza tu, kuvuta ni marufuku. Baada ya muda mfupi maji yakageuka kama maziwa. Ile kaboni dayoksaidi ya pumzi zetu imeungana na chokaa ikawa CaCO₃ tena. Jiwe limerudi. Na hivyo ndivyo lipu ya kuta za Amu inavyokauka ikawa ngumu, polepole, ikivuta kutoka hewani kile ilichopoteza tanurini. Mji wetu wa kale, ambao UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, umeshikana kwa mmenyuko huo. Nilikuwa nimeuegemea ukuta wenyewe huku nikiandika.

Asidi na alkali tulifundishwa na yule dada wa uuguzi. Alileta kipande cha kanzu kuukuu chenye doa la bizari ya manjano, sabuni ya kipande na ndimu. Kila nyumba ya pwani inajua kwamba doa la manjano ukilitia sabuni linageuka jekundu kama damu, na akina mama wanakasirika wakidhani wameliharibu zaidi. Dada alisugua sabuni, likawa jekundu. Akakamua ndimu, likarudi njano. Kisha akatuambia sababu: rangi ya manjano ni molekuli yenye hidrojeni ambayo sabuni, kwa kuwa ni alkali, inaweza kuinyang'anya. Ikishanyang'anywa, inameza mwanga mwingine, jicho linaona nyekundu. Ndimu, kwa kuwa ni asidi, inairudishia. Bibi aliacha kushona akasogea kutazama. Akasema, "Miaka yote hii, mwanangu," basi, akarudi kwenye kofia yake.

Sasa niseme kasoro, maana zipo na moja ilikuwa kubwa.

Wiki moja baada ya kikao cha ndimu tulifanya swali hili: asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi wa 1 × 10⁻⁸ moli kwa lita, pH yake (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) ni ngapi? Mmoja wetu, ambaye husema kwa uhakika kuliko wengine, akaandika 8. Kanuni inasema hivyo ukiifuata kipofu. Wote tulikubali, tukaandika. Siku tisa jibu lile lilikaa kwenye madaftari saba, na mimi nilimfundisha mtu mwingine. Aliyetuokoa ni maalim mmoja wa sekondari aliyekuwa anapita baada ya swala, akasimama kusikiliza, akauliza kwa upole: "Mnatia asidi kwenye maji, huwaje yakawa alkali?" Hapana aliyejibu. Maji yenyewe, hata yakiwa safi, kwenye nyuzi 25 yana ioni za hidrojeni 1 × 10⁻⁷, mara kumi ya asidi tuliyoitia. Ukiyahesabu hayo pia, pH inatoka karibu 6.98. Yaani asidi, kidogo sana, lakini asidi.

Hiyo ndiyo hatari ya kikundi kisicho na mtu wa juu. Kosa la mmoja linakuwa la wote, na kwa sababu wote wamekubali, linaonekana kweli. Tangu siku ile tuna sharti kwamba hakuna jibu la hesabu linaloingia daftarini kabla ya kulinganishwa na kitabu, na kwamba kila jibu huulizwa kwanza kama lina maana kwenye ndoo ya maji.

Kasoro ya pili ni lugha. Tunaelezana kwa Kiswahili, na ndiyo sababu tunaelewa, lakini mtihani ni Kiingereza. Mwezi wa sita nilijikuta naijua chokaa nje ndani, ila siwezi kuandika mistari mitatu ya kumridhisha msahihishaji. Sasa robo saa ya mwisho ya kila kikao ni ya kuandika jibu lile lile kwa Kiingereza, kimya, kisha tunabadilishana madaftari. Kama unaanzisha kikundi chako, usingoje mwezi kama sisi.

Ya tatu ni muda. Tunasema saa mbili, tunaanza saa mbili na nusu, na kukiwa na mpira ni saa tatu.

Kwa kusawazisha milinganyo tulitumia michezo ya bure ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ukishaipakua inafanya kazi kwenye simu bila bando, na unaona atomi za kila upande kama kwenye mizani. Kwa jambo hilo moja ilitushinda sisi wote kwa kueleza.

Sapu niliifanya mwezi wa nane. Swali la pili liliuliza gramu 25 za kalsiamu kaboneti zikichomwa zote, zinatoa kaboni dayoksaidi kiasi gani. Niliuona ule mkebe. Robo ya moli, kwa hiyo robo ya 44, gramu 11. Sikuhitaji kanuni. Nimepita, na ingawa chuoni kwetu sapu huandikwa 40 hata ukipata 80, mama safari hii aliikunjua karatasi akaibandika kwenye mlango wa kabati.

Nikitoa nyota natoa nne kati ya tano. Kinafaa kwa mwenye subira na asiyeona haya kuuliza mbele ya wadogo zake. Kwa aliyebakiwa na wiki mbili kabla ya mtihani, hapana. Mwendo wetu ni wa polepole, mada moja inaweza kula siku tatu, na atabaki nyuma.

Nyota moja naizuia kwa sababu ya obitali, yaani yale maeneo ya atomi ambamo elektroni hupatikana. Hakuna kati yetu anayezielewa vizuri. Tumejaribu vikao vinne, kila mtu amekaa chini kwa kusema "ni hivyo tu". Kama umemaliza mwaka wa pili wa kemia na uko Amu likizo hii, daka linajulikana, ulizia tu hapo Langoni. Jumatano baada ya Isha. Chai yako tutailipa sisi.