Fundi bustani wa Uyole: siku tatu za jembe kabla ya mche wa kwanza

Fundi huyu nilielekezwa kwake na shemeji. Ana kitalu kidogo pale Uyole, Mbeya, barabara ya Tukuyu inapochepuka. Kazi ilikuwa ua wangu wa mbele, Isyesye, hatua kumi na mbili kwa nane. Mwaka juzi niliwalipa watu wengine wakapanda miche na kutandika nyasi hapo, nyasi zikawa njano kabla ya Pasaka.

Huyu alipofika hata nyasi hakuzitazama. Alipiga sururu sehemu nne, zote zikalia ngo! "Mama, hapa hupandi bustani, unapanda juu ya ukuta." Kweli, mafundi wa nyumba walikuwa wamefukia kifusi chao chote: tofali, saruji iliyoganda, hadi soli ya kiatu. Udongo ulikuwa vidole vinne tu.

Vijana wake wawili walichimba na kuchambua siku tatu. Nilinuna, maana nalipa kwa siku na sioni hata ua moja. Baadaye wakaleta udongo mweusi, pumba za mpunga za kuulegeza, na samadi. Kirikuu ya kwanza ilikuja na samadi mbichi, inafuka moshi asubuhi ya baridi! Mimi mtoto wa mkulima wa Rungwe, samadi ya hivyo naijua, inaunguza mizizi. Nikaikataa. Akaimwaga nyuma bila ubishi, akaleta iliyooza, ila akataka nilipie mafuta ya safari ya pili. Tukagawana nusu. Hapo nilimkata alama.

Kwenye mparachichi ndipo aliponifunga mdomo. Alichimba shimo la futi mbili kila upande, udongo wa juu akauweka kando na wa chini kando. Jioni akamwaga ndoo mbili za maji. Asubuhi maji bado yamo. Mparachichi ukikaa kwenye maji mizizi huoza, kwa hiyo akahamia hatua tano juu, kwenye mwinuko. Siku ya kupanda alichana kiriba chote, ule mfuko wa mche, akakitoa, akahakikisha kile kiungo cha kubebeshea, pale tawi lilipounganishwa na shina, kimebaki juu ya udongo. Miche ya wale wa mwanzo tuliing'oa ikiwa na viriba vyake, mizizi imejisokota humo kama tambi.

Tulipanda wiki ya kwanza ya Desemba, mvua ikamaliza kazi. Sasa ni Juni, nyasi zimepauka kwa baridi, lakini ukivuta hazing'oki. Mwashoki mmoja ulikufa, akaleta mwingine bure. Waridi ndiyo aliniudhi: kayapanda chini ya mchirizi wa bati, nikasema, akacheka. Majani yamejaa madoa meusi, nitayahamisha mwenyewe.

Jumla nimelipa 780,000, karibu nusu ni udongo na samadi. Ukimwita, kubalianeni mapema kuhusu samadi, na nani atabeba kifusi. Changu bado kipo nje ya geti, na jirani salamu zake siku hizi ni fupi.