Kutoa na kubaindi noti za mtihani wa kitabu wazi katikati ya Nairobi

Ukitoka Moi Avenue ukishuka kuelekea River Road, karibu kila jengo lina mtu mwenye mashine ya fotokopi. Wengine wako chini ya ngazi, wengine ndani ya duka linalouza pia soksi na chaja. Kwa mwanafunzi anayeandaa noti za mtihani wa kitabu wazi, yaani ule unaoruhusiwa kuingia na noti au kitabu, huduma yao haitofautiani sana: unaleta faili, wanalitoa kwa printa kwenye A4, wanatoboa, wanabaindi, unaondoka na kitabu chako. Kazi ni ya haraka na bei haiumi. Dosari ni kwamba hakuna anayekuuliza chochote. Usiposema unachotaka utapewa kilicho karibu na mkono wao, na aghalabu hicho ni kitana cha plastiki.

Kitana ni ule mgongo wenye meno 21 kwa karatasi ya A4. Kina sifa moja ya maana: hufunguka. Mhadhiri akiongeza mada wiki ya mwisho, unarudi dukani, mgongo unapanuliwa kwenye mashine, karatasi tatu zinaingia, kazi imekwisha. Lakini kitabu cha kitana hakikunjiki nyuma. Kikifunguliwa hudai sentimita 42 za meza, yaani upana wa A4 mbili, na kumbi nyingi za mihadhara zina vile viti vyenye kibao cha mkono ambacho hata kijitabu cha majibu hukijaza. Halafu kitana na matatu haviivi chungu kimoja. Mkoba ukibanwa kati ya magoti na kiti cha mbele, meno mawili matatu huchomoka, na kurasa zilizoshikwa na meno hayo huanza kuning'inia.

Agiza spirali, ile inayozunguka kama springi ya kalamu. Kitabu chake hukunjika mgongo kwa mgongo, ukurasa mmoja tu ukabaki juu, nacho hakidai nafasi zaidi ya sentimita 21 na ushei. Hasara yake ni kwamba kuongeza karatasi katikati ni shughuli: ncha ikatwe, spirali izungushwe mpaka itoke, kisha nyingine iingizwe. Kwa hiyo usibaindi mapema. Acha pia karatasi nne tupu mwishoni, ikiwa unaruhusiwa kuandika kwa mkono.

Saizi ya mgongo usimwachie mtu wa duka. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo karatasi 80 zikilaliana ni kama milimita 8. Omba mgongo wa milimita 12. Wa 10 utaingia, lakini kurasa zitakwama kila ukigeuza, na ukigeuza kwa haraka ya mtihani matundu huchanika.

Gundi ya moto ikatae hata kama inapendeza macho. Kitabu kilichobandikwa hivyo hujifunga chenyewe, nawe utaandika huku umekigandamiza kwa kiwiko kwa saa tatu. Faili la springi ni rahisi, ila matundu yake mawili humeza maneno ya upande wa kushoto, na pale ambapo karatasi zilizolegea haziruhusiwi, msimamizi anaweza kulikataa kwa kuwa kurasa zake huchomoka. Faili la pete lifanye kazi nyumbani wakati unapanga na kupangua. Chumba cha mtihani si mahali pake.

Kabla ya kutoa hata ukurasa mmoja, soma maagizo ya karatasi yako ya mtihani neno kwa neno. Neno "kitabu wazi" halina maana moja. Kuna somo linaloruhusu A4 moja pande zote mbili, lingine linaruhusu noti zozote mradi zimefungwa, na lingine linaruhusu sheria tupu, isiyo na alama wala maandishi pembeni. Hata KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari ambao si wa kitabu wazi, huruhusu majedwali ya hisabati ya KNEC, baraza la mitihani, na kikokotoo kisichoweza kupangiwa programu, ila pale swali linapokataza. Ukiruhusiwa sheria tupu, hata mstari mmoja wa hailaita unaweza kukunyang'anya kitabu kizima. Hapo nunua nakala safi kwa Mpiga Chapa wa Serikali, Haile Selassie Avenue, au upakue bure kwenye tovuti ya Kenya Law, uitoe, na usiiguse kwa kalamu.

Sasa mambo ya kompyuta, ambako makosa ni madogo na hasara ni kubwa. Peleka PDF, usipeleke faili la Word. Kompyuta ya duka isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine, mistari itasogea, na kilichokuwa ukurasa wa 31 kitakuwa wa 33. Faharasa yako, ile orodha ya maneno na namba za kurasa zake, yote imeshaharibika na hutajua mpaka siku ya mtihani. Kabla ya kuhifadhi hiyo PDF, hakikisha ukurasa umewekwa A4 na si Letter, saizi ya Kimarekani iliyo fupi kwa milimita 18. Ukichanganya hizo mbili, mashine hupunguza maandishi au hukata namba za kurasa chini. Pambizo la ndani liwe milimita 25, kwa kuwa matundu hula karibu milimita 10 za ukingo. Na kwa kuwa unatoa pande mbili, chagua pambizo za kioo, zinazobadilishana kushoto na kulia, la sivyo kila ukurasa wa nyuma utatobolewa maneno. Fonti ya 10 au 11 yatosha. Ya 8 inaokoa karatasi na kuua macho.

Kaunta nayo ina lugha yake. Sentensi hii inatosha: "Boss, nitolee pande zote mbili, igeuke kama kitabu, saizi isipunguzwe, halafu ubaindi spirali ya 12." Hapo kwenye "igeuke kama kitabu" ndipo wengi huteleza. Mashine ikipangiwa kugeuza kwa ukingo mfupi, nyuma ya kila karatasi husimama kichwa chini, sawa kwa kalenda ya ukutani, balaa kwa kitabu. Mwambie atoe karatasi moja kwanza, uigeuze, ndipo aendelee.

Yote hayo ni ganda. Kiini ni faharasa, na hakuna duka litakalokutengenezea. Yaliyomo ya mwanzo hufuata mpango wa mhadhiri. Faharasa ifuate maneno ya swali. Chukua mfano wa Katiba ya Kenya ya 2010, yenye sura 18, ibara 264 na majedwali 6. Swali halitakuambia "jadili Ibara ya 49". Litakuambia polisi walimshika mtu Ijumaa jioni wakamweka mpaka Jumatano. Kwa hiyo jambo moja lipe milango kadhaa (noti zako huenda ziko kwa Kiingereza, lakini utaratibu haubadiliki):

Dhamana ya aliyekamatwa, Ibara 49(1)(h), uk. 31
Kufikishwa kortini, Ibara 49(1)(f), uk. 31
Polisi, kuzuiliwa mikononi mwa, uk. 31
Saa 24, tazama Kufikishwa kortini
Haki zisizowekewa mipaka, Ibara 25, uk. 18
Nani anaweza kushtaki kudai haki, Ibara 22, uk. 16

Milango minne ya kwanza inaingia chumba kimoja. Ukiwa na wasiwasi, akili hushika neno lolote lililo juu ya swali, na neno hilo ni lazima liwe kwenye orodha. Ipange kwa alfabeti, safu mbili kwa ukurasa, isizidi kurasa mbili, na iweke mwanzoni kabisa, nyuma tu ya jalada, ili kidole kiifikie bila kutafuta. Namba za kurasa ziandikwe mwisho, noti zikishakamilika. Anayeandika faharasa huku bado anaongeza aya anajichimbia shimo.

Ipime hivi: mpe mwenzako orodha ya maneno 20 kutoka kwenye mitihani ya miaka iliyopita, akutajie moja moja huku saa inakwenda. Kila neno lipatikane ndani ya sekunde 20. Lisilopatikana halina mlango, liongeze. Hesabu yenyewe haina huruma. Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne hukupa dakika 45 kwa kila swali. Ukitafuta mara 12 kwa dakika mbili mbili, umepoteza dakika 24, zaidi ya nusu ya swali zima. Ndiyo maana noti za kurasa 300 bila faharasa hushindwa na noti za kurasa 60 zilizo nayo. Kila mada ipewe kurasa zisizozidi mbili: kanuni, vipengele vyake, isipokuwa zake, mfano mmoja. Maelezo marefu yabaki nyumbani.

Vibandiko vya ukingoni vinasaidia vikiwa vichache. Ukingo wa A4 una milimita 297, na kibandiko cha kawaida kina upana wa kama 25, hivyo vinane au tisa vinakaa bila kubanana. Ukizidisha, vinakuwa manyoya ya kuku. Kimoja kwa kila mada kubwa, kitokeze milimita 10 hivi, na kipigwe selotepu mbele na nyuma, kwani vya karatasi hubanduka kwenye mkoba. Bandika baada ya kubaindi, si kabla.

Bei: kwa kawaida ukurasa wa wino mweusi mjini ni shilingi 5 hadi 10, na ukiwa na kurasa nyingi bei hujadilika. Usilipie rangi kwa kitabu kizima. Toa nyeusi, kisha upake hailaita mwenyewe, rangi mbili tu, moja ya kanuni na nyingine ya isipokuwa zake. Uliza kwanza kama mashine ni ya tona au ya wino wa maji, maana wino wa maji hutapakaa ukipitishwa hailaita juu yake, na tona haitapakai. Lamineti nayo iache. Hung'aa chini ya taa za darasani, haiandikiki, na inaongeza unene bure. Noti zilizotungwa na wengine, zinazouzwa zikiwa zimebaindiwa tayari, hazifai hata kwa bei ya bure, kwa kuwa faharasa ya mtu mwingine imejaa milango ya kichwa chake.

Nenda siku tatu kabla ya mtihani, tena asubuhi. Msimu ukichacha foleni hufika ngazini, na stima ikipotea mnasubiri wote. Kabla ya kulipa, simama pale kaunta upitishe kurasa zote kidoleni: namba zinafuatana, hakuna ukurasa mweupe katikati, hakuna utepe uliopauka unaoshuka kutoka juu hadi chini, ishara ya tona inayoisha. Sugua herufi kwa kidole. Zikitoka, mashine haikupata joto la kutosha na kitabu kitakuwa moshi kabla ya mtihani, dai kurudiwa. Kisha umwombe afute faili lako kwenye kompyuta yake ukiwa unaangalia. Flashi yako nayo, ukiichomeka nyumbani, ipitishe kwenye programu ya kusaka virusi kabla ya kufungua faili lolote, maana kompyuta hizo hupokea flashi za mji mzima.