Mswaki au maji ya chumvi?

Asubuhi ya Julai hapa Mbeya, maji ya bomba yanauma meno, hivyo wengi huona heri kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Yanatuliza fizi, sikatai. Lakini ukoga si uchafu unaoelea mdomoni. Bakteria aina ya streptokoka hutangulia kushika jino, wengine hujishikiza juu yao, kisha wote hujifunika ute wa sukari na protini. Chumvi hupita juu juu. Tena baadhi yao hubanduka wenyewe na kwenda kuanzisha makazi kwingine.

Mswaki huukwangua ute huo kabla haujawa gome gumu, ambalo kuliondoa ni kazi ya daktari wa meno. Mimi huanza na mswaki, chumvi baadaye. Maji nayapasha kwanza. Baridi ya Uyole, hapa hapa Mbeya, si mchezo.