Uzito wa kipande au uzito wa shafti: ipi iingie kwenye ripoti ya gharama?

Wanafunzi wa uhandisi mitambo hapa Arusha hugawanyika kwenye hili: wengine huandika uzito wa kipande kilichokamilika, wengine uzito wa shafti, yaani chuma kizima kilichoingia kwenye mashine. Mimi nipo na hao wa pili.

Chukua shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 100. Ina kilo 1.54 hivi. Ikikerezwa hadi kipenyo cha milimita 30 kwa urefu wa milimita 80, na milimita 20 za mwisho zikiachwa zilivyo, zinabaki kilo 0.75. Zaidi ya nusu imeanguka chini ya mashine, na umeilipia yote. Muuza vyuma wa mtaa wa Unga Limited hawezi kukupimia kipande ambacho bado hakijatengenezwa! Hapo hujahesabu milimita mbili tatu zinazoliwa na msumeno.

Uzito wa kipande una kazi yake: ukitaka kujua gari litakalofungwa kipande hicho litakuwa na kilo ngapi, tumia huo. Na kwa vipande vya kumimina kwenye kalibu, tofauti huwa ndogo.

Ila ukianza na shafti nzima unapata jambo la pili, tena kubwa: tofauti ya hizo mbili ndiyo kazi ya mashine. Zile sentimita za ujazo 100 zilizoondolewa ndizo zinazokula muda wa fundi na visu vya kukerezea. Anayeandika kipande peke yake anapoteza gharama mbili kwa mpigo. Mabaki ukiyauza kama chuma chakavu, yape mstari wake yapunguze jumla. Usiyafiche ndani ya bei ya malighafi.