Baiskeli ya mtumba ya gia kwa msafara wa hisani: tunaikubali, ila si kama ilivyotoka dukani

Msafara wa kuchangisha fedha ukitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hukusanya waendeshaji wa namna tatu. Wapo wa klabu, wenye baiskeli za mbio na tairi nyembamba, hao wanajijua. Wapo wauza mikate na maziwa wanaoshinda juu ya baiskeli za Phoenix. Na wapo waliojiandikisha kwa moyo wa kuchangia, baiskeli hawana, wanaingia Kariakoo siku za mwisho kutafuta mtumba ya gia. Tunaandika kwa ajili ya hao wa tatu.

Baiskeli ya milimani ya ringi za inchi 26, gia 18 au 21, inafaa kwa safari hiyo ya zaidi ya kilomita 60. Inavumilia kingo mbovu za barabara, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Ubaya wake ni kwamba imekaa muda mrefu bila kutumika, kisha ikaanikwa juani mbele ya duka, na mpira umekauka.

Kwa hiyo anza na tairi. Ziminye ubavuni, ukiona nyufa ndogondogo, zikatae hata kama meno ni mazima. Tairi iliyokauka hupasuka ubavu, tyubu ikachungulia nje, na kiraka hakitakusaidia. Weka mpya za 26 x 1.95 zenye meno madogo, maana makubwa yanakula nguvu bure kwenye lami. Upepo ujaze kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni, mara nyingi kati ya psi 40 na 65. Ukipata pancha, soma tundu kabla ya kuziba: matundu mawili sambamba ni upepo mdogo, tyubu imebanwa na ringi; tundu la upande wa ndani ni utepe wa ringi uliooza, vichwa vya spoki vinatoboa. Bila kubadilisha utepe huo utaziba hadi solusheni iishe.

Mtego mkubwa uko kwenye namba za tairi. Baiskeli za Kijapani za kapu nazo hutumia tairi za inchi 26, lakini ni 26 x 1 3/8, na hiyo haikai kabisa kwenye ringi ya 26 x 1.95. Soma namba yote. Baiskeli hizo za kapu ni nzuri kwa mizunguko ya mjini, Bagamoyo zitakuchosha.

Mnyororo upime kwa rula. Sifuri iwe katikati ya pini moja. Pini ya 24 baada ya hiyo ikae kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, badilisha mnyororo. Ikipita kwa 1/8, meno ya gia za nyuma nayo yamekwisha: ukiweka mnyororo mpya peke yake utaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Kisha simama nyuma ya baiskeli utazame mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo. Ukiwa umepinda kwa ndani, gia nyepesi kabisa itauingiza kwenye spoki na safari yako itaishia hapo. Fundi mzuri huunyoosha polepole, asigonge nyundo.

Mipira ya breki badilisha yote minne, na nyaya pia.

Phoenix isidharauliwe. Fremu yake ni imara na itafika, ila kagua pini za krenki (mikono ya pedali), maana hulegea, na ujue kwamba ringi za chuma zikilowa breki hazishiki haraka. Siku ya mvua, achia nafasi kubwa mbele yako.

Beba tyubu mbili, viraka, pampu, vibandulio vya tairi, spana ya 15 na alenkii. Maji nusu lita kwa saa ni kiwango cha chini kwa joto la Pwani. Msimu wa kusi, upepo utakusukuma wakati wa kwenda na kukukaba wakati wa kurudi, basi usimalize miguu asubuhi.

Yote haya yafanyike wiki moja kabla. Endesha Mwenge hadi Tegeta na kurudi, kisha rudi kwa fundi akaze upya nyaya na spoki, kwa sababu nyaya mpya hulegea baada ya safari ya kwanza.