Gobore la kisasa, mdomo umekwenda upande

Haya maoni ya mnunuzi nimeyaandika na kuyafuta mara tatu, kwa sababu kila nikianza hasira inanitangulia. Leo acha itangulie.

Nina gobore la kisasa, haya ya mtutu wa nusu inchi yenye fataki namba 209, kile kiwashio cha baruti, kwa nyuma na darubini juu. Linalipuka vizuri, sina neno hapo, bega langu ni shahidi. Shida ni kwamba risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Siku ya kwanza ya kupima shabaha nilipiga tano kwa umbali wa mita 90 hivi, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, hakuna upepo wa kusingizia. Mbili zikakaa pamoja pale katikati, nikaanza kutabasamu. Ya tatu ikatoka kiganja kizima kulia. Ya nne juu kushoto. Ya tano haikugusa karatasi, na mpaka leo sijui ilitua wapi.

Nilijilaumu kwanza, na lawama nyingine zilikuwa zangu kweli. Nilikuwa natumia baruti mbadala za vidonge, viwili vya greni 50 (greni ndicho kipimo chetu cha baruti), na sikupangusa mtutu kati ya mlio na mlio. Anayezitumia anajua kinachofuata: pale risasi inapokaa, mbele kidogo ya kizibo cha nyuma, hubaki pete ya ukoko mgumu. Risasi inayofuata inagota hapo, haifiki kwenye baruti. Alama niliyochora kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ilikuwa imebaki juu ya mdomo kwa upana wa kidole, nikaiona, na bado nikafyatua. Ujinga, tena wa hatari, maana risasi ikiachana na baruti mtutu unaweza kuvimba, hata kupasuka. Nimekiri. Tuendelee.

Basi nikawa mtoto mwema. Nikaacha vidonge, nikapima baruti ya unga kwa kipimo cha ujazo, greni 80 tu. Kila baada ya mlio kitambaa chenye unyevu, halafu kikavu. Nikasubiri mtutu upoe, kwa sababu saboti, kile kikombe cha plastiki kinachobeba risasi, hulainika kwenye chuma cha moto na kuharibika wakati wa kushindilia. Nikabadilisha aina ya risasi. Nikakaza skrubu zote za darubini. Mchana mzima. Matokeo: matundu yametawanyika kwa viganja viwili, kama mtu aliyerusha kokoto gizani.

Nikapiga simu kwa walioniuzia. Kijana akaniitikia kwa adabu kwa nusu dakika, halafu: "Mzee wangu, gobore ni gobore tu, usilitegemee kama raifo." Nikameza. Akaongeza: "Labda hujui kushindilia." Nikameza tena. Kisha akanishauri nijaribu goroli na kitambaa, kama wazee wa zamani. Hapo sikumeza. Mifuo ya mtutu huu, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, inazunguka duara moja kila inchi 28, imechongwa kwa ajili ya risasi ndefu. Goroli ya kitambaa inapenda mifuo inayozunguka taratibu, duara moja kwa inchi 66 hivi. Mtu anauza bunduki asiyoijua, halafu mimi ndiye sijui kushindilia! Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa, na ninayajutia kidogo. Kidogo sana.

Usiku huo nilitoa kizibo cha nyuma. (Kizibo nacho kina kesi yake: tuliambiwa kinafunguka kwa mkono, mimi nilihitaji spana, mafuta ya kulainisha kutu na matusi. Tangu siku hiyo nakipaka grisi ya nyuzi kila nikifunga.) Nikamulika tochi kutoka nyuma, nikachungulia mdomoni. Hii bunduki mdomo wake umepanuliwa kwa ndani, urefu wa kifundo cha kidole, hauna mifuo, ili risasi iingie kwa urahisi na kusimama wima kabla ya kusukumwa. Wazo zuri. Ila ule ukingo, pale upana unapokutana na mifuo, haukuwa duara. Upande wa kulia ulikuwa mnene, ukawa mwembamba, mwembamba, mpaka kushoto ukapotea kabisa. Hilali! Mwezi mwandamo ndani ya mtutu wa bunduki yangu!

Maana yake walichimba matundu mawili yasiyo na kitovu kimoja. Pale mifuo inapoishia ndipo bunduki inapoigusa risasi kwa mara ya mwisho. Moshi ukitangulia kupenya upande mmoja, saboti inasukumwa kombo na risasi inatoka imeinama. Unaweza kupangusa mtutu mpaka kiama, hausaidii kitu. Mmarekani Tony Knight alitoa gobore lake la kisasa, MK-85, mwaka 1985, na tangu hapo magobore ya mtindo huu yamejaa kila mahali. Miaka yote hiyo, na bado kuna kiwanda kinashindwa kuweka tundu katikati ya tundu?

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Lakini fundi bunduki mmoja, mtu wa maneno machache, aliutazama mdomo, akaguna, akaukata wote ule uliopanuliwa na kuuchonga ukingo upya. Sikulala vizuri kabla ya kwenda kujaribu. Risasi tatu, zile zile, baruti ile ile, umbali ule ule: matundu mawili yamegusana na la tatu liko kando yao kwa upana wa ukucha. Nilirudia nikidhani ni bahati. Haikuwa bahati.

Kwa hiyo mtutu ni mzuri. Kifyatulio ni chepesi na safi kuliko cha bunduki yangu nyingine ya bei kubwa. Sasa lazima nianzishe risasi kwa kijiti kifupi na kupiga ngumi, kwa sababu ile njia ya urahisi imeondoka, na fataki bado inavuja moshi nyuma unaochafua kioo cha darubini, maana haikai sawasawa kwenye kizibo. Lakini silirudishi. Nilipandisha hadi nyota nne, wallahi.

Halafu nikawatumia wauzaji picha ya kile kipande kilichokatwa, hilali inaonekana waziwazi, nikidhani watalipa walau kazi ya fundi. Safari hii jibu halikuchelewa: "Kwa kukata mtutu umejifutia waranti, mzee wangu."

Nyota mbili.